Pima Saba Kutoka Kaburini

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Bi Mishi ni ukubwa wa sauti yake. Nilipiga hodi nikiwa hatua tatu tu kutoka mlangoni pake, naye akaitikia kana kwamba nilikuwa nimesimama ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari: "Hodi na iingieee! Karibu ndani!" Nilidhani ana shida ya masikio. Lakini simu yangu ilipotetemeka ndani ya mkoba, yeye ndiye aliyeisikia kabla yangu, nikajua kwamba masikio yake ni mazima. Alikuwa mtu aliyezoea kusemezana na jirani kutoka uani hadi uani, na majirani wale walikuwa wamehama mmoja baada ya mwingine. Sauti ilibaki vile vile, ingawa hapakuwa tena na wa kuitikia.

Kitongoji chake kinaitwa Kigandini, kusini kidogo ya Msambweni. Zamani kilikuwa na nyumba saba. Siku nilipofika, mwezi wa Machi mwaka huu, ilikuwa imesimama yake peke yake. Za wenzake zilikuwa zimebaki misingi ya mawe ya matumbawe, na miwili kati ya misingi hiyo ilikuwa tayari imo majini. Kati ya nyumba yake na ufuo palikuwa na kiwanja kidogo cha makaburi, kimezungushiwa ua wa minyaa upande wa bara. Upande wa bahari hakukuwa na ua tena.

Nilikuwa nimebeba vigingi vya mbao na ramani zilizokunjwa. Mradi ulioniajiri baada ya kumaliza chuo ulikuwa ukichunguza mabadiliko ya ufuo wa Kwale, kuanzia Waa hadi Shimoni, kwa kutumia picha za setilaiti. Kazi yangu ilikuwa kuchora mstari wa ufuo juu ya picha ya zamani, kuchora mwingine juu ya picha mpya, kisha kupima nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili. Ripoti ilikuwa imetolewa tangu Januari. Sasa nilikuwa nimetumwa kupigilia vigingi vya alama na kuwagawia wakazi ramani za maeneo yao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na hizo kuni?"

"Si kuni, Bibi, ni vigingi. Natoka Kwale mjini."

"Kwale! Watu wa mlimani. Basi keti ule kwanza. Vigingi havina njaa."

Alileta sahani ya muhogo wa nazi ambayo ingewatosha watu wanne. Alipoona naitazama, alicheka kidogo.

"Nimezidisha tena. Tangu Twaiba ahame, mkono wangu haujajifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Kila siku nala kiporo cha jana na kupika kiporo cha kesho."

Twaiba alikuwa jirani yake wa mwisho. Alikuwa amehamia Milalani kwa binti yake, miezi minane kabla ya siku ile. Nilihesabu kichwani: miezi minane bila mtu wa kumwomba moto wala chumvi.

Bi Mishi ana miaka sitini na minne. Alizaliwa Gazi, akaolewa Kigandini akiwa na miaka kumi na minane. Mumewe, Kibwana, alikuwa fundi wa kusuka madema, ile mitego ya samaki inayofanana na vikapu vikubwa. Mkwewe ndiye aliyemfundisha Bi Mishi kutafuta pweza mwambani maji yanapokupwa: kulitambua pango lake kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni, kumchokora kwa fimbo ya chuma, na kumgeuza kichwa kabla hajauzonga mkono. Zamani walikuwa wakienda wanawake tisa kwa pamoja, wakiimba na kutaniana njia nzima. Siku hizi huenda peke yake. "Pweza nao wameona," aliniambia. "Zamani wakitusikia wakijificha. Sasa nadhani wanatoka kuniangalia kama niko mzima."

Yeye na Kibwana walijaliwa mtoto mmoja, Alamin, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya Diani na anaishi Ukunda na mke na watoto. Kibwana alifariki miaka tisa iliyopita kwa maradhi ya figo, akazikwa katika kile kiwanja cha mbele ya nyumba, nyuma ya makaburi ya mama yake na baba yake.

"Siku tunamzika, bahari ilikuwa mbali," alisema Bi Mishi. "Watoto walikuwa wakicheza mpira kati ya makaburi na maji. Goli la huku na goli la kule."

Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, wa mwaka jana, makaburi ya wakwe zake yalikwenda yote mawili. Alitoka nje baada ya sala ya alfajiri akakuta ukingo umekatika kama mkate, na ile mibao iliyosimamishwa kichwani na miguuni pa makaburi haipo. Aliuzunguka ufuo mpaka jua likawa utosini. Hakupata cha kuokota wala cha kuzika tena. Aliyebaki mbele ya maji sasa ni Kibwana.

Tangu mwaka juzi, ukingo ulipoanza kukatika, alikuwa akipima. Hakupima kwa mita. Alikuwa na mshipi wa kuvulia aliourithi kwa mumewe, akiunyoosha kutoka kwenye kaburi mpaka ukingoni, kisha akiuhesabu kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyotanuliwa, kama watu wa pwani wapimavyo kina cha maji.

"Pima saba," alisema. "Mwaka juzi zilikuwa kumi na tano."

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: ruhusa ya kumhamisha Kibwana. Alikuwa amekwenda kwanza kwa Ustadh Swabir, imamu wa msikiti wa karibu, naye akamsikiliza vizuri. "Kaburi halifukuliwi kwa dhana, Bi Mishi," alimwambia. "Lafukuliwa kwa yakini, kwamba maiti ataharibiwa asipoondolewa. Niletee yakini, na jembe la kwanza nitalishika mimi." Ofisi inayotoa vibali ilimwambia jambo lile lile kwa maneno mengine. Aliandika ombi, akangoja miezi mitano.

Jibu alikuwa amelihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Alinipa nilisome, kwa kuwa aliona nimesoma na nilikuwa nimekuja na karatasi. Liliandikwa kwa heshima. Lilisema kwamba, kwa mujibu wa ramani ya setilaiti, ufuo wa Kigandini haujaliwa na bahari, bali katika miaka tisa umesonga mbele kuelekea majini kwa mita arobaini na moja. Kwa hivyo hakuna hatari, na ombi limekataliwa. Nyuma ya barua palibanwa ramani yenye mstari mmoja mwekundu na mmoja wa buluu.

Niliitambua mara moja. Mistari ile niliichora mimi.

"Mbona umeacha kula?" aliuliza.

"Bibi, ramani hii ni yangu. Mimi ndiye niliyeichora."

Alinitazama, kisha akaitazama ramani. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliinuka, akajifunga leso kiunoni.

"Basi umefika penyewe. Twende ukanionyeshe hizo mita arobaini na moja. Huenda ni macho yangu tu, yamezeeka."

Tulisimama ukingoni. Chini yetu maji yalikuwa yakilamba mchanga, na mizizi ya mti wa mkungu ilikuwa imening'inia hewani. "Haya," alisema, "ziko wapi?" Nilitoa kompyuta ndogo ya mkononi, nikamfungulia picha mbili nilizozitumia, ya miaka tisa iliyopita na ya mwaka jana.

Hakuwahi kukiona kitongoji chake kutoka juu. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akakitafuta kisima, akakipata. Akautafuta mkungu. Kwenye picha ya zamani aligusa kila paa akilitaja kwa mwenyewe: kwa Twaiba, kwa Mzee Chome, kwa akina Chirau, mpaka zikatimia saba. Kisha nikamgeuzia picha mpya. Kidole chake kilizunguka kikitafuta, kikaja kusimama juu ya nukta moja nyeupe.

"Hii ni mimi."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hivyo hata kutoka huko juu kunaonekana," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema taratibu.

Kisha akayarudia maji katika picha zote mbili, akayakazia macho, akauliza, "Hii ya zamani ilipigwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au wa maji mafu yasiyokwenda mbali?"

"Sijui. Tulichagua picha ambazo hazikuwa na mawingu."

"Tarehe unazo?"

Nilimsomea. Alinitaka nizigeuze ziwe tarehe za Kiislamu, nami nikazitafuta kwenye simu. Ya zamani ilipigwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama. Mpya ilipigwa mwezi kumi na saba.

"Na saa?"

"Setilaiti hiyo hupita hapa saa nne na nusu asubuhi."

"Siku hizo mbili?"

"Siku zote inapopita, Bibi. Haibadilishi saa."

Alicheka mpaka kunguru wakaruka kwenye mkungu.

"Mwanangu, sikiliza. Mwezi nane maji ni mafu. Saa nne asubuhi yamejaa, ndiyo, lakini kujaa kwa uvivu. Yamefika katikati ya mchanga yamechoka. Mwezi kumi na saba ni bamvua. Saa nne na nusu bahari imekupwa, imekwenda zake. Unapaona pale?" Alinyoosha kidole mahali ambapo wakati ule maji yangenifika kifuani. "Saa hizo mimi napita pale kwa miguu nikienda mwambani. Umeichora njia yangu ya pweza ukaiita nchi kavu."

Nikaivuta karibu picha mpya. "Na bahari iliyoyachukua makaburi ilikuja saa ngapi?"

"Bamvua hujaa saa kumi. Saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, ikichelewa kidogo kila siku. Basi hicho chombo chenu hakijawahi kuiona. Kila kikija kubisha hodi siku ya bamvua, mwenye nyumba ametoka!"

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Katika pwani hii saa ya maji inafuata tarehe ya mwezi. Kila mwanamke anayekwenda mwambani anaijua kama anavyojua saa za sala. Chuoni tulifundishwa kwamba maji hupwa na kujaa, tukaulizwa katika mtihani, tukajibu vizuri. Lakini mimi nimekulia Kwale mlimani. Bahari niliiona kila siku kwa mbali, ikiwa kitambaa cha buluu, na kuishukia sikukuu za Idd. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Ziro, anatoka Kinango, kwenye nchi ya ng'ombe na mabwawa. Kati yetu wote tuliosoma picha zile, hakuna aliyewahi kutafuta kitoweo chake baharini.

Nilirudi ofisini na vigingi vyangu vyote. Bwana Ziro aliposikia, alivua miwani.

"Ripoti imepigwa muhuri, imekwenda. Sasa unataka niandike kwamba setilaiti imekosolewa na mama wa pweza?"

"Hakuikosoa setilaiti, mkuu. Picha ni za kweli. Mstari wangu ndio wa uongo."

"Mstari wetu," alinisahihisha, akavaa miwani tena. "Sisi kwetu, maji yakijaa ni mvua imenyesha, na yakipungua ni ng'ombe wamekunywa. Nani angejua kwamba yana ratiba?"

Aliniruhusu kurudia kazi. Niliomba kalenda ya Hijria iliyotundikwa msikitini, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, na nikaandika tarehe ya mwezi pembeni mwa kila picha tuliyokuwa nayo ya Kigandini. Kisha nikaacha kuufuata ukingo wa maji kabisa. Nilifuata mahali ambapo majani na vichaka vinaishia, kwa kuwa majani hayapwi wala hayajai. Yakiondoka, yameondoka na udongo wake. Ilinichukua wiki sita. Mstari mpya ulionyesha kwamba katika miaka tisa Kigandini imepoteza mita kumi na tisa za nchi, na sehemu kubwa ya hizo katika miaka miwili ya mwisho. Bwana Ziro aliandika barua ya masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, akaitia sahihi, akaituma.

Mwezi wa Juni nilishuka kumpelekea Bi Mishi nakala. Nilimkuta na Alamin, aliyekuja kwa pikipiki tangu asubuhi. Walikuwa wamekwisha kubishana kabla sijafika, na hawakuona haya kuendelea mbele yangu.

"Mama, chumba kipo," Alamin alikuwa akisema. "Wajukuu wapo. Televisheni ipo. Nini unachokingoja huku? Ukianguka kisimani, nani atajua?"

"Pweza watajua."

"Nasema kweli, Mama."

"Na baba yako?"

"Baba hayupo pale. Baba yuko kwa Mola wake."

"Aliko ninakujua. Lakini mwili wake niliachiwa mimi niuangalie. Wewe ukisahau hata kandambili hapa, sizitupi baharini. Nazifuta vumbi naziweka. Sembuse baba yako?"

Alamin alinigeukia mimi. "Dada, wewe mwenye ramani. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba bahari haina masikio."

"Hilo alilijua kabla sijazaliwa," nilisema.

Alamin alicheka, lakini si cheko la furaha. Alikuwa na zamu ya mchana hotelini. Alimbusu mama yake mkono, akavaa kofia ya chuma, akaondoka. Bi Mishi alimsindikiza mpaka njia panda ya kijia cha mchanga. Nilimsikia akipaza sauti, "Wasalimie watoto! Mwambie mdogo nimemwekea kombe! Usiende mbio!" Pikipiki ilikuwa imekwisha kutoweka nyuma ya minazi, na mlio wake ulikuwa umepotea. Yeye aliendelea kuagiza salamu, jina baada ya jina, kisha akarudi akiwa ameshika kiuno.

"Yeye hajui," aliniambia tulipokaa. "Mimi pia nimechoka. Unadhani napenda kusemezana na kuku? Twaiba ameniwekea chumba Milalani, hatua chache kutoka msikitini. Makaburi ya msikiti yako nyuma ya ukuta wake. Nikimhamisha Kibwana pale, nafunga mlango huu siku hiyo hiyo, nami nahama. Lakini siwezi kutangulia. Siwezi kukaa Milalani nacheka na Twaiba huku mwenzangu ameachwa peke yake mbele ya maji."

Tulipima kwa mshipi. Zilikuwa zimebaki pima tano.

Jibu la ofisi lilikuja Julai, na halikuwa lile tulilolitarajia. Walisema sasa wanazo ramani mbili kutoka kwa watu wale wale, moja inasema ufuo umeongezeka na nyingine inasema umepungua, na hawawezi kutoa kibali cha kufukua maiti kwa ramani zinazopingana. Nililisoma neno hilo mara kadhaa. Walikuwa na haki ya kulisema. Lakini afisa mmoja aliyeshughulikia faili lile alipiga simu kwa Bwana Ziro, akauliza kama kuna saa ambayo mtu anaweza kusimama pale akaona kwa macho yake. Bwana Ziro alinipa simu. Nami, badala ya kujibu, nilimpigia Bi Mishi.

Hakuhitaji jedwali. "Mwambie aje Safar, mwezi kumi na sita. Maji yatajaa saa kumi na nusu alasiri. Hiyo ndiyo bamvua kubwa ya kusi hii. Baada ya hiyo bahari inapoa mpaka mwakani."

Nilipoangalia kalenda, mwezi kumi na sita Safar ulikuwa Jumatatu, siku ya kazi. Afisa alikubali. Makubaliano yaliandikwa: kigingi chekundu kitapigwa pima tatu kutoka kaburini. Maji yakikifikia kigingi mbele ya macho yao na ya Ustadh Swabir, kibali kitatiwa sahihi pale pale, na Jumanne asubuhi Kibwana atahamishwa. Yasipokifikia, faili litafungwa hadi mwaka ujao. Hakuna aliyesema kitakachokuwa kimebaki mwaka ujao.

Kigingi nilikipiga mimi mwenyewe, Bi Mishi akishika mshipi. Alikitikisa mara tatu kuhakikisha kimeshika.

"Miaka yote hii nimekuwa nikiiomba bahari ikae kwake," alisema. "Sasa naomba ije. Mungu atanishangaa."

Naandika haya leo, Jumapili, mwezi kumi na tano. Nimerudi Kwale sasa hivi kutoka Kigandini, maana nilitaka kuyaona maji ya leo. Tuliketi juu ya msingi wa nyumba ya Twaiba, Bi Mishi na mimi, tangu saa tisa alasiri. Wimbi lilipanda, likarudi, likapanda tena likizidi kidogo. Kila lilipopanda, alishika goti langu. Wimbi lililofika juu kabisa liliacha povu lake pima moja kabla ya kigingi, likazama mchangani. Tulingoja lingine kwa karibu nusu saa. Halikuja. Maji yakaanza kurudi nyuma.

"Leo si kesho," alisema, akajipangusa mchanga.

Jedwali la maji linasema kesho yatapanda zaidi ya leo kwa shibiri moja hivi. Halisemi chochote kuhusu upepo, wala kuhusu wimbi. Nilimwambia hivyo kwa uaminifu, kwa sababu sitaki tena kumwambia jambo nisilolijua. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kunionyesha alivyojitayarisha. Sanda mpya ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda, imefukizwa udi. Madumu ya maji yalikuwa yamejaa. Vikombe alikuwa amevitoa kwenye sanduku la bati, akavisuguasugua na kuvipanga juu ya mkeka: maafisa watatu, Ustadh na wachimbaji wanne, Alamin aliyepewa ruhusa kazini, Bwana Ziro, Twaiba na binti yake, mimi. Tangu siku ya mazishi, uani pale hapajakaa watu wengi hivyo.

"Bwana Ziro anakunywa chai ya tangawizi?" aliuliza.

"Anakunywa yoyote yenye maziwa mengi."

"Basi nitampelekea Twaiba salamu aje na maziwa. Nawe uje mapema, mwanangu, kabla ya saa tisa. Nisikae peke yangu nikiyatazama."

Nimemwahidi. Viatu vya mpira nimeviweka karibu na mlango, na kalamu mbili nimezitia mkobani, endapo ya afisa itakataa kuandika. Huku mlimani upepo umeanza kuvuma kutoka kusini tangu magharibi, na kila unapoongeza nguvu naacha kuandika nausikiliza. Kesho saa kumi na nusu.